Kigingi na Lori Lililokata Pumzi Kilimani

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, lakini kufikia umri wa kuitwa mama wa mtu hata mama yake mzazi alikuwa ameacha kulitumia. Kila mtu alimwita Kigingi. Jina hilo hakulipata nyumbani wala shuleni. Alilipata barabarani, nyuma ya gurudumu la lori.

Alipoolewa, mumewe alikuwa na lori lake mwenyewe, kuukuu, lenye pua ndefu na boneti ya kufungua kwa bega. Wiki ile ile ya harusi, utingo wake, yule wa kupanda nyuma na kuruka chini kuweka kigingi lori linaposimama mlimani, akaondoka bila kuaga. Mzigo ulikuwa umeshapakiwa. Bibi harusi akachukua suruali ya mumewe, akaikaza kiunoni kwa kamba, akapanda.

"Unakwenda wapi wewe?" mumewe akamuuliza.

"Kuweka kigingi."

Mwanamume akacheka, akidhani ni mzaha wa siku moja. Siku hiyo moja ikazaa miaka. Mwanzoni madereva wenzake walimzomea mumewe kwamba amemgeuza mkewe utingo. Kisha wakamwona yule mke akiruka kabla lori halijasimama sawasawa, akitupa lile gogo chini ya tairi, tani zote za mawe zikitulia kimya nyuma ya kipande cha mti. Wakamwita Kigingi kwa dhihaka. Yeye akalipokea jina kwa mikono miwili, na dhihaka ikakosa pa kukaa.

Kutoka kwenye kigingi akaingia chini ya lori, kutoka chini ya lori akaingia kwenye usukani. Alipokwenda kutahiniwa udereva wa magari makubwa, mtahini alimtazama juu mpaka chini, akauliza, "Mumeo yuko wapi?"

"Yuko nyumbani anapika," Kigingi akamjibu. "Tuanze, au tumsubiri ale kwanza?"

Alifaulu. Mtahini alisaini huku amenuna, lakini alisaini.

Hivyo ndivyo walivyoishi, wakipokezana usukani, mmoja akiendesha, mwingine akisinzia na kichwa kikigonga kioo, mpaka asubuhi ile mumewe alipoinama kufunga kamba za viatu asiinuke tena. Alianguka ubavu, kiatu kimoja mkononi. Kiharusi. Upande mzima wa kulia ukalala, na ulimi wake uliokuwa ukisimulia safari nzima bila kupumua ukabakiwa na neno moja tu: "Haya." Kulikuwa na haya ya kukubali, haya ya kukataa, haya ya kuomba maji na haya ya kufukuza wageni. Watu wengine hawakusikia tofauti. Kigingi alizisikia kama alivyosikia tofauti ya gia ya pili na ya tatu.

Wakati wa kuuguza hospitalini, lori lilikaa kwenye uwanja wa kaka mkubwa wa mumewe, aliyekuwa na duka la mbao. Mgonjwa alipoletwa nyumbani, Kigingi akamtafutia kiti chenye mikono kinachoweza kukaa dirishani, akamwomba mama mkwe ahamie kwao amtazame mchana, kisha akaenda kwa shemeji kuchukua funguo.

"Za nini?" shemeji akauliza.

"Za kazi, shemeji. Machimboni wananisubiri."

"Peke yako?"

"Barabara ni ile ile."

Shemeji alizitoa funguo polepole, kama mtu anayetoa jino. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na hakika kwamba mambo yana mpangilio, na kwamba mpangilio huo alizaliwa akiujua.

Safari ya kwanza, lori likamtia aibu. Kutoka machimboni, limejaa kokoto, lilitembea vizuri tambarare yote, moshi safi, injini ikiguruma kama zamani. Lilipofika katikati ya kilima cha kuingilia mjini, likaanza kukohoa. Kigingi akarudisha gia. Likakohoa tena, likakosa nguvu kama mtu aliyekosa usingizi, likazima. Akavuta breki ya mkono, akaruka, akaweka kigingi mwenyewe. Magari yaliyokuwa nyuma yakapiga honi, na wenye maneno wakasema maneno.

Akakaa kidogo pembeni ya barabara. Aliporudi na kuwasha, injini ikaitika. Akapanda hatua chache, ikazima tena. Mwishowe akaligeuza kwa shida, akalirudisha nyumbani na mzigo wake mgongoni.

Habari zikamfikia shemeji kabla yake. Kesho yake akaja na fundi wa pampu, mtu mzima mwenye karakana yake na sifa zake, aliyekuwa amefungua pampu nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwake. Fundi akafungua boneti, akaamuru lori liwashwe, akainamisha sikio. Akaipapasa pampu iliyokaa ubavuni mwa injini, ikitoa mabomba yake membamba kwenda kwenye kila nozeli ya kupulizia dizeli ndani ya injini. Kidole kikatoka na dizeli.

"Pampu imechoka," akasema. "Ndani mumelika. Kwenye tambarare inajikaza, kwenye mlima haina cha kusukuma. Ifunguliwe yote, ibadilishwe vyuma vya ndani. Na vya pampu hii siku hizi kuvipata ni kazi."

Shemeji akaitikia kwa kichwa, kana kwamba jibu hilo alikuja nalo mfukoni. "Basi, shemeji, tusijidanganye. Kuna mnunuzi wa vyuma chakavu ninayemjua. Atakuja alitazame. Mgonjwa anahitaji utulivu, na wewe unahitaji kupumzika."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Pampu ndiyo iliyochoka, shemeji."

"Basi mnunuzi wako aje ainunue pampu. Lori halijachoka, na mimi sijachoka."

Shemeji akatabasamu lile tabasamu la kumvumilia mtoto. "Atakuja Jumamosi," akasema, akaondoka na fundi wake.

Kigingi hakulala chini kulia. Alilala chini ya lori. Kuna kitu katika maneno ya fundi kilichokuwa kikimkereketa kama mchanga ndani ya kiatu. Pampu iliyolika ndani, alijua, ni kama mzee mwenye goti bovu: huchechemea tangu anapoinuka kitandani. Haiwezi kukimbia vizuri nusu ya safari kisha ife, halafu ipumzike kidogo na kufufuka. Mgonjwa wa namna hiyo hana ugonjwa wa moyo. Kuna mtu anayemkaba koo.

Akaanza kwenye chujio. Akatoa la zamani, akaweka jipya. Akalegeza skrubu ya kutolea upepo, akapiga ile pampu ndogo ya mkono kwa dole gumba mpaka dizeli ikatoka bila povu wala kiputo. Hakuna upepo ulioingia. Akawasha injini, akachukua spana, akalegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza. Injini ikatetereka, ikalalamika. Akaikaza, akaenda ya pili. Ikalalamika. Akafanya hivyo mpaka ya mwisho. Kila moja ilipoachishwa kazi, injini ilihisi pengo lake. Maana yake zote zilikuwa zikifanya kazi.

Kutoka dirishani, mumewe alikuwa akitazama. "Haya," akasema, ile ya kuuliza.

"Pampu yako inasukuma," Kigingi akamjibu, akifuta mikono. "Sasa nataka kujua kama inaletewa cha kusukuma."

Hapo ndipo alipopata wazo la dumu. Alijaza dumu dizeli safi, akachukua mpira mrefu, akaupitisha kwenye tundu la sakafuni karibu na mti wa gia, akauunganisha moja kwa moja na ile pampu ndogo inayonyonya kabla ya pampu kubwa. Tangi akaliacha nje ya habari hiyo. Ikiwa lori litakufa kilimani huku likinywa kutoka kwenye dumu, basi fundi kasema kweli na pampu izikwe. Likipanda, pampu haina kesi ya kujibu.

Tatizo lilikuwa moja. Dumu lilihitaji mtu wa kulishika wima na kuuzuia mpira usichomoke.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Tangu siku ya suruali ile ya kamba, mama huyu alikuwa hajampa mkwewe neno tamu hata moja. Akisalimiwa, anapokea salamu, basi.

"Unamtafuta nani?" akauliza.

"Mtu wa kushika dumu, mama."

Mama mkwe akatazama lori, akatazama kiti cha dirishani ambako mwanawe alikuwa ameegemea upande mmoja kama gunia lililopungua. Kisha akavua kanga ya begani, akaifunga kiunoni.

"Mwite jirani aje akae na mgonjwa," akasema. "Na unisaidie kupanda. Ngazi ya kitu hiki waliitengenezea twiga?"

Wakaondoka, mkwe kwenye usukani, mama mkwe amepakata dumu kama mjukuu. Walipouona mlima, mama akafumba macho, akaanza kuomba dua.

"Mama, fumbua macho uangalie mpira."

"Naweza kuomba na kuangalia kwa wakati mmoja. Wewe endesha."

Gia ya nne, ya tatu, ya pili. Kokoto zote mgongoni. Lori likafika pale lilipokufa mara ya kwanza, likapita. Likafika pale lilipokufa mara ya pili, likapita kama halipajui. Injini ilikuwa ikinguruma kwa sauti nzito iliyojaa, sauti ambayo Kigingi hakuwa ameisikia mlimani tangu mumewe aanguke, na walipofika kileleni aligundua kwamba alikuwa akipiga kelele.

"Unalia au unacheka?" mama mkwe akauliza.

"Sijui, mama."

"Basi chagua moja, unanitisha."

Lakini Kigingi hakuridhika nusu. Alijua sasa mkosaji hakuwa pampu. Hakujua bado ni nani. Wakashuka ule mlima, akaurudisha mpira wa tangi mahali pake, akalipeleka lori mpaka mwisho wa tambarare na kuligeuza, kisha wakaupanda tena. Lori likafa pale pale, kwa utiifu kabisa. Akaruka, akaweka kigingi, akaenda kwenye tangi akiwa na nia ya kuchungulia ndani, huenda uchafu umeziba mrija. Akashika mfuniko, akauzungusha.

Fyuuuuu!

Mama mkwe akatoa kichwa dirishani. "Nini hicho? Nyoka?"

Kigingi alikuwa amesimama na mfuniko mkononi, kinywa wazi. Hewa ilikuwa imeingia tangini kwa nguvu, kama mtu aliyezama akaibuka.

"Si nyoka, mama. Tangi linavuta pumzi."

Akaugeuza mfuniko. Haukuwa wa lori, na tangu achukue funguo hakuwa ameufungua. Ulikuwa mfuniko wa pipa, mzima, mnene, wenye mpira wa kubana pande zote. Mfuniko wa tangi huwa na kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Huu haukuwa nacho. Mpe mtoto chupa isiyoingiza hewa: atanyonya, atanyonya, mwishowe atalia na maziwa bado yamo. Lori nalo lilinyonya tambarare yote, likifika mlimani, pale linapohitaji kunywa zaidi, tangi linakataa kuachia. Likipumzika, hewa kidogo hupenya, nalo hufufuka. Pampu ya watu ilikuwa ikisingiziwa.

Akauweka mfuniko juujuu bila kuukaza, akawasha. Lori likapanda mpaka juu, wakaenda kuushusha mzigo kwa mwenyewe, ambaye alikuwa ameshakata tamaa.

Ikawa ni Jumamosi ile ile aliyoitaja shemeji. Waliporudi, uani palikuwa na mkutano: shemeji, fundi wa pampu, na mnunuzi wa vyuma, mtu mwembamba aliyekuwa akipimia urefu wa mahali pa lori kwa macho hata kabla lori halijaingia. Mumewe alikuwa amesogezwa mlangoni na kiti chake.

Kigingi hakuzima injini haraka. Aliiacha iungurume, waisikie. Kisha akashuka, akamsaidia mama mkwe, akamwekea fundi mfuniko mkononi na kumweleza yote, dumu na mlima na fyuu.

Fundi akaugeuza mfuniko, akacheka kwa pua. "Nililisikiliza likiwa limesimama," akasema. "Ugonjwa wa mlimani ulitaka daktari wa mlimani. Lakini, mama, ile dizeli kwenye kidole changu sikuiota. Mpira wa shafti ya pampu unavuja. Ipo siku utaniletea."

"Siku hiyo nitakuletea mwenyewe, fundi, na lori litakuja kwa miguu yake. Na huu mfuniko umetoka wapi?"

Shemeji akakohoa.

"Wa kwake uliibwa uwanjani kwangu," akasema. "Nikaona mvua itaingia tangini. Nikatafuta mwingine unaobana vizuri."

Mama mkwe akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Kigingi naye angecheka, na mambo yangeishia hapo, kama shemeji angekubali kuchekwa. Lakini aliona kila mtu akimtazama, na mnunuzi akiwa shahidi, akapandisha sauti.

"Sawa, limepona! Vizuri! Litauzwa kwa bei nzuri zaidi."

"Shemeji," Kigingi akasema taratibu, "ulisema tunauza kwa sababu pampu imekufa. Pampu ni nzima. Sasa tatizo ni nini?"

"Tatizo ni wewe!" Likamtoka. "Mke wa ndugu yangu kupakia mawe na wahuni, kulala kwenye vichwa vya malori, suruali imejaa grisi! Mumeo alipokuwa mzima ilikuwa shauri yake. Leo watu wananiuliza mimi. Mwanamke gani asiye na haya?"

"Haya!" ikasikika kutoka mlangoni.

Wote wakageuka. Mumewe alikuwa ameushika mkono wa kiti kwa mkono wake mmoja mzima, mishipa ya shingo imesimama. Shemeji akamwonyesha kwa kidole, uso umeng'aa. "Mnamsikia? Mwenyewe anasema! Hana haya!"

"Haya! Haya! Haya!" Yule mgonjwa alikuwa akipiga kiti, na macho yake hayakuwa kwa mkewe. Alikuwa akimtazama mnunuzi wa vyuma na kulionyesha geti kwa kidevu.

Hapakuhitajika mkalimani. Mnunuzi alikuwa mtu wa biashara, na mtu wa biashara hajui kugombana na kiti. Akasema atapita siku nyingine, na kila mtu alijua siku hiyo haimo katika wiki.

Shemeji akamgeukia mama yake. "Mama, na wewe unakaa kimya?"

"Nilikuwa napumzisha mikono," mama mkwe akasema. "Dumu lile ni zito. Mwanangu, nimezaa wawili. Siwezi kumla mmoja ili mwingine aonekane na watu ameshiba heshima. Huyu," akamgusa Kigingi begani, kwa mara ya kwanza tangu harusi, "mimi nilimnunia miaka mingi kwa ajili ya suruali. Leo nimeona kilichomo ndani ya hiyo suruali. Nenda ukauze mbao."

Akaenda. Hakuaga.

Kusema kweli hawakupatana upesi. Shemeji alikaa miezi bila kukanyaga uani, na alipomtembelea ndugu yake alichagua saa ambazo lori liko safarini. Kigingi naye hakumfuata kumbembeleza. Aliambiwa na majirani, na mjomba, na mke wa shemeji mwenyewe, kwamba aende akaombe radhi, kwa kuwa yeye ni mdogo. Akawajibu kwamba ataomba radhi siku atakapojua kosa. Mwishowe lori la kumbebea mbao shemeji lilipomwangusha katikati ya msimu, alimtuma mama yake amuulize mkwewe kama ana nafasi.

"Mwambie ninayo," Kigingi akasema. "Baada ya wateja waliomtangulia kunipigia simu."

Akazibeba mbao hizo, zamu yake ilipofika, na akazifikisha bila ubao mmoja kuvunjika.

Machimboni, msimamizi alijaribu kumsukuma nyuma ya foleni, akisema wenye haraka wapite kwanza. Kigingi aliliegesha lori katikati ya njia ya kupakilia, akashuka, akaweka kigingi mbele na nyuma, akakaa kwenye kivuli cha tairi kunywa chai yake. Madereva walipiga honi, walitukana, kisha wakaanza kumlaumu msimamizi. Tangu siku hiyo foleni ilikuwa foleni.

Na ile pampu, kama fundi alivyosema, ikaja kuvuja kweli. Kigingi hakusubiri izime njiani. Aliendesha lori mpaka karakana, akaifungua mwenyewe kutoka kwenye injini baada ya kuweka alama kwa patasi mahali inapokaa, akaibeba kifuani mpaka kwenye meza ya fundi. Meza ilikuwa imefutwa safi, vyombo vimepangwa juu ya kitambaa. Fundi akaipokea kwa heshima.

"Basi, mama, nenda nyumbani upumzike. Ikiwa tayari nitakupigia."

Kigingi akatafuta kigoda, akakivuta mpaka ukingoni mwa meza, akakaa.

"Nimeshapumzika, fundi," akasema. "Fungua tuone."